Kufukiza kioo kwa fedha uani: kisa cha karakana ndogo mkoani Iringa

Majina, mtaa na alama nyingine za kumtambulisha mtu zimeondolewa. Vipimo na mpangilio wa kazi vimeachwa, kwa sababu ndivyo vinavyofundisha.

Mazingira

Karakana ni ya mafundi watano. Wanatengeneza shanga, hereni na vidani vya kioo, na wateja wao wakubwa ni wageni wanaopita mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kioo chao ni borosiliketi, kile cha vyombo vya maabara, kinachonunuliwa kikiwa fito na mirija. Kinapanuka kidogo sana kikipata joto, karibu theluthi moja tu ya kioo cha chupa, kwa hiyo hakipasuki ovyo kikiingia na kutoka motoni.

Kufukiza ni hatua ya mapambo. Fundi anabandika kipande cha fedha chenye ukubwa wa punje ya mchele kwenye ncha ya ufito wa kioo na kukiingiza kwenye mwali wa gesi na oksijeni, karibu na mdomo wa tochi inayoutoa mwali huo. Fedha inageuka mvuke, na mwali unaubeba mvuke huo hadi kwenye kidani alichokishika mbele kidogo kwa mkono wa pili. Tabaka jembamba linabaki juu ya kioo, la buluu au njano kutegemea unene wake na rangi iliyo nyuma yake. Ukitumia dhahabu unapata waridi. Mvuke mwingi haushiki kwenye kidani. Unakipita, unapoa, na kugeuka chembe zisizofika maikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), zinazoelea hewani kwa muda mrefu. Hayo ndiyo mafusho.

Kazi ilikuwa ikifanyika kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Kikundi kilipoamua kuanza kufukiza, mlezi wao alikataa isifanyike ndani, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Wakahamia uani. Mchomeleaji wa jirani aliyewasaidia kufunga mitungi alisema maneno ambayo kila mtu aliyakubali bila kuyapima: "Hapa nje hewa ni ya bure, mama. Moshi utaenda zake."

Uwanja wa kwanza ulivyopangwa

Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki unaanza kuvuma kwa nguvu kuanzia adhuhuri. Siku ya kwanza mwali ulikuwa ukipeperuka, na vidani viwili vikapasuka kwa kupoa upande mmoja. Mafundi wakazungushia meza mabati pande tatu, kimo cha mtu. Ukuta wa mbele ulitazama upepo, na upande uliobaki wazi ulikuwa mgongoni kwa fundi. Mwali ukatulia. Kwa macho, tatizo lilikuwa limekwisha.

Vifaa vingine vilikuwa hivi. Meza ya mbao iliyofunikwa bati. Mtungi wa gesi wa kilo 15 chini ya meza, ndani ya kishimo walichochimba ili usianguke. Regulata ya jiko la nyumbani. Mpira wa gesi uliotoka kwa mchomeleaji, wa asetilini, gesi ya kuchomelea. Mtungi wa oksijeni umeegemezwa ukutani, haujafungwa. Barakoa za kitambaa. Miwani ya jua.

Fedha ilivyopatikana

Fedha safi ya 999 kwa 1,000 ilikuwa haijafika. Fundi kijana akaenda kwa sonara na kurudi na mabaki ya aina mbili: vipande vya mkufu uliokatika, vikiwa na viungo vyake vilivyounganishwa kwa lihamu, na shilingi tatu za zamani za Afrika Mashariki, za enzi ya mkoloni. Sonara alimhakikishia: "Hii ni fedha, mwanangu, itazame ilivyo nyeupe."

Zile shilingi, zilizotengenezwa tangu 1921 hadi miaka ya katikati ya 1940, zina robo moja tu ya fedha. Robo tatu ni metali nyingine, hasa shaba. Lihamu ya sonara nayo kwa kawaida ni fedha iliyochanganywa na shaba na zinki, na lihamu za kizamani zinazoyeyuka kwa wepesi zaidi huweza kuwa na kadmiamu, metali yenye sumu kali.

Tukio lenyewe

Fundi kijana alifukiza mchana mmoja kuanzia saa nane hadi karibu saa kumi na moja, akianza na vipande vya mkufu. Wenzake waliona mambo mawili ambayo hawakuyatilia maanani. Kila kiungo kilipoingia motoni kilitoa moshi mweupe mzito kabla kipande hakijayeyuka, na mwali ukawa na kingo za kijani. Yeye mwenyewe alisema mdomo una ladha tamu ya chuma, akanywa maji na kuendelea. Rangi kwenye vidani ilitoka chafu, kahawia, kwa hiyo akawa anasogeza uso kuangalia kwa karibu.

Saa tatu usiku alianza kutetemeka kwa baridi. Homa, viungo kuuma, kifua kubana, kikohozi kikavu. Nyumbani wakadhani ni malaria na kumpa dawa ya maumivu. Alfajiri kifua kilikuwa bado kinabana, na mlezi akampeleka hospitali.

Walipofika, mlezi alifanya jambo lililobadilisha kazi ya daktari: alikwenda na kipande cha mkufu na shilingi moja mfukoni, akaeleza kilichochomwa, saa ngapi na kwa muda gani. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Dalili zililingana na homa ya mafusho ya metali, ambayo mara nyingi husababishwa na zinki, huanza saa 4 hadi 10 baada ya kuvuta na huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Daktari hakumruhusu kurudi nyumbani. Sababu yake ni ya kukariri: mafusho ya kadmiamu huanza kwa dalili zilezile, mtu anaonekana ana mafua makali tu, kisha katika siku moja hadi tatu mapafu yanajaa maji na anaweza kufa. Kwa kuwa hakuna aliyejua lihamu ile ina nini, alipigwa picha ya kifua, akapimwa oksijeni ya damu kila baada ya saa chache na kuangaliwa kwa siku mbili. Homa ilishuka siku ya pili. Picha ya marudio ilikuwa safi.

Kuchunguza kabla ya kujenga upya

Kazi ya kufukiza ilisimamishwa. Wazo la haraka lilikuwa kununua barakoa bora na kuendelea. Likakataliwa, kwa hoja kwamba barakoa inamlinda anayeivaa tu, ilhali uani kuna watoto, kuna jiko la jirani, na kuna kitalu cha mchicha mita nne upande ule ambao upepo unaelekea.

Walipima hewa kwa udi. Kijiti kiliwashwa, kikashikwa mahali pa mdomo wa tochi, tochi ikiwa imezimwa, na mtu akakaa kwenye kiti cha fundi kana kwamba anafanya kazi. Moshi ulikwenda mbele hadi kwenye bati, ukapanda kwa kulifuata, ulipokaribia ukingo wa juu ukageuka, ukarudi juu ya meza na kushuka usoni kwa aliyekaa. Ulizunguka hivyo mara mbili tatu kabla ya kutawanyika. Walirudia saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Alasiri, upepo ukiwa mkali, mzunguko ulikuwa mbaya zaidi.

Sababu yake inaeleweka. Upepo unaoruka ukuta mzima hauendi moja kwa moja. Nyuma ya ukuta unaacha nafasi tulivu, na hewa ya chini katika nafasi hiyo inarudi kinyume, kuelekea ukutani. Ile hewa inayorudi ilikuwa ikimpiga fundi mgongoni. Mwili nao ni ukuta mdogo: upepo ukija mgongoni, mbele ya kifua panatokea kimzunguko chake, na chochote kinachofuka kwenye mikono kinavutwa juu kwenye pua. Mabati yaliyotuliza mwali ndiyo yaliyoweka mafusho usoni.

Maamuzi na sababu zake

Metali kwanza. Tangu hapo hakuna kinachofukizwa isipokuwa fedha ya 999 au dhahabu ya karati 24, iliyonunuliwa ikiwa na muhuri wa usafi wake. Hesabu ya joto inatosha kueleza. Kadmiamu inachemka kwenye nyuzi joto 767, zinki kwenye 907. Fedha inayeyuka kwenye 962 na haichemki hadi 2,162. Kwa hiyo, katika kipande chenye mchanganyiko, kabla fedha haijakaribia kuchemka, zinki na kadmiamu zimeshaanza kuondoka kama mvuke. Ule moshi mweupe ulikuwa zinki inayoungua. Kingo za kijani zilikuwa shaba. Hata fedha ya 925 iliyo halali kabisa kwa pete haifai hapa, kwa kuwa 75 zilizobaki ni metali nyingine. Sheria ikaandikwa kwa rangi juu ya meza: moshi mweupe au mwali wa kijani, zima, simama, ondoka.

Upepo uje kutoka begani. Meza iligeuzwa ili upepo wa kiangazi umjie fundi kutoka kushoto, upite kati yake na tochi na kutokea kulia. Mabati yote matatu yaling'olewa. Upande wa upepo, mita mbili kutoka kwenye meza, ulisimamishwa wavu wa kivuli, ule wa vitalu vya miche ya parachichi, unaozuia karibu nusu ya upepo. Wavu unapunguza kasi bila kuzaa mzunguko mkubwa nyuma yake, kwa sababu sehemu ya hewa inapenya. Mita mbili ni kwa usalama wa moto: wavu ni plastiki. Utepe mwembamba ulifungwa kwenye nguzo mbele ya macho ya fundi. Ukigeuka ukamwelekea, anazima. Masika upepo haueleweki, kwa hiyo meza iliwekewa magurudumu mawili.

Kofia ya kuvuta mafusho. Hili ndilo lililobishaniwa zaidi, maana lina gharama. Kilichoamua ni kile kitalu cha mchicha: upepo wa begani unamwokoa fundi lakini unampelekea mwingine. Kofia ilitengenezwa kwa bati jipya, mdomo wenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 45, imekaa nyuma ya mwali. Hesabu ilikuwa hivi: eneo la mdomo ni mita za mraba 0.27. Ili hewa iingie kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde katika mdomo wote, feni lazima ivute mita za ujazo 0.135 kwa sekunde, yaani karibu 490 kwa saa, na hiyo ni baada ya kupungukiwa nguvu na bomba. Walifunga feni ya bomba la milimita 200 yenye uwezo wa juu kidogo ya hapo, bomba likapanda juu ya paa upande usio na jirani. Feni ya mezani ilijaribiwa kwanza na haikufaa. Inasukuma hewa nyingi mahali pa wazi, ikifungwa bombani inazungusha tu.

Umbali ndio ambao mafundi wengi hawauamini hadi wauone. Mdomo wa bomba lililo wazi unavuta vizuri kilicho karibu, lakini ukisogea mbele yake kwa umbali sawa na kipenyo chake, kasi imebaki karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mwali unafanya kazi ukiwa umeingia kwenye kivuli cha kofia, haukai nusu mita mbele yake.

Saa za kazi. Kufukiza kunafanyika kati ya saa tatu na saa tano asubuhi tu, kabla upepo haujachachamaa. Shanga za kawaida zinaendelea mchana. Hapo ikazuka shida ya baridi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Butani inaacha kuvukiza ikikaribia nyuzi joto sifuri, na mtungi unapotumika unajipoza wenyewe. Asubuhi za Juni na Julai mtungi mdogo ulikuwa ukitoa umande, kisha mwali unafifia. Pendekezo la kuuweka kwenye beseni la maji ya moto lilikataliwa. Badala yake wakachukua mtungi wa kilo 38, ambao una kimiminika kingi na eneo kubwa la kupokea joto la hewa, na wakauweka mahali jua la asubuhi linapofika.

Gesi na oksijeni. Mtungi ulitolewa kwenye kishimo siku ileile, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja inajikusanya shimoni ikisubiri cheche. Regulata ya jiko ilibadilishwa na ya kurekebishika: ya jiko imefungwa kwenye shinikizo dogo lisilotosha tochi. Mpira wa asetilini uliondolewa, kwani gesi ya kupikia huula kwa ndani hadi upasuke. Ulinunuliwa wa daraja T, unaofaa gesi zote za kuwasha. Vizuia moto kurudi viliwekwa kwenye mistari yote miwili. Mtungi wa oksijeni ulifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na mitungi ya akiba inatunzwa mita 6 mbali na ile ya gesi. Viungio vinapimwa kwa povu la sabuni kila asubuhi, na hakuna grisi wala mafuta yanayogusa upande wa oksijeni.

Meza ilifunikwa upya kwa matofali ya kuchoma na bati nene. Jirani mmoja, kwa nia njema, alileta vipande vya paa la zamani la asbesto kwa vile "haviungui". Vilirudishwa bila kukatwa wala kuvunjwa. Vumbi lake ni saratani ya miaka ijayo.

Kivuli. Juani, mwali wa oksijeni nyingi karibu hauonekani, na mtu anapitisha mkono mahali penye moto. Paa la bati kimo cha mita 2.5 lilitatua hilo pamoja na mvua.

Mwilini: barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P100, vinavyonasa karibu chembe zote za hewani, ndevu zikiwa zimenyolewa, kwa kuwa barakoa isiyobana haichuji. Ni kinga ya mwisho, juu ya hayo mengine. Miwani ya jua ilibadilishwa na ya kazi ya kioo, inayokata mng'ao wa sodiamu na mionzi ya joto. Nguo za pamba. Maji ya bomba yakiwa karibu, kwa sababu jeraha la moto linapozwa kwa maji yanayotiririka dakika 20. Kizima moto cha unga, na namba 114 ya Zimamoto imeandikwa ukutani.

Matokeo

Udi ulipowashwa tena, moshi uliingia kwenye kofia wote asubuhi. Alasiri, upepo ukiwa mkali, sehemu yake ilichomoka kulia, jambo lililothibitisha ile sheria ya saa. Hakuna fundi aliyepata homa tena baada ya kufukiza. Ndani ya kofia pana utando wa kijivu unaofutwa kila Ijumaa kwa kitambaa kibichi. Haufagiliwi. Kitalu cha mchicha kilihamishwa hata hivyo.

Rangi nazo zilisafika. Ule ukahawia wa mwanzo haukuwa mkono mbaya wa fundi, ulikuwa uchafu wa shaba na zinki. Fedha safi ni ghali, ila inatumika kidogo mno, na vidani vinavyotupwa vimepungua kiasi kwamba mlezi halalamikii tena bei yake.

Uchambuzi

Kama wangeruhusiwa kurekebisha jambo moja tu, lingekuwa metali inayofukizwa. Fedha ya 999 kwenye uwanja ule mbaya isingeleta homa ile. Lakini ingeleta jambo la polepole: fedha ikivutwa kwa miaka hubaki mwilini, na ngozi na macho hugeuka rangi ya buluu-kijivu isiyotoka. Kikomo kinachotumika Marekani kwa wafanyakazi ni miligramu 0.01 tu kwa mita ya ujazo ya hewa. Kwa hiyo upepo na kofia si nyongeza ya anasa.

Kuhamia nje kulikuwa uamuzi mzuri uliotekelezwa nusu. Mabati yaliwekwa kwa ajili ya mwali, na hakuna aliyeuliza yanamfanyia nini aliyekaa. Kijiti cha udi kingejibu siku ya kwanza.

Kilichofanya kazi bila gharama yoyote ni kile kipande cha mkufu mfukoni mwa mlezi. Bila hicho, kijana angetibiwa mafua na kurudishwa nyumbani katika saa ambazo kadmiamu, kama ingekuwepo, ingekuwa inaanza kazi yake.

Upande wa taratibu, karakana ilikuwa haijasajiliwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Sasa imesajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na tukio lolote la kuvuta mafusho linaandikwa kwenye daftari: tarehe, metali iliyotumika, saa ya kuanza, dalili.

Mawili bado hayajakaa sawa. Umeme ukikatika, kofia inakufa, na fundi aliyebakiza kidani kimoja anashawishika kukimalizia. Wamefunga taa ndogo kwenye waya wa feni ili kukatika kuonekane, lakini taa haizimi tochi. La pili ni kuinama. Miwani ya rangi inaficha buluu hafifu ya fedha, hivyo fundi anaisukuma juu na kusogeza uso ndani ya kofia kutazama. Kwa sasa wanatumia kigae cheusi kando ya meza: kidani kinatolewa motoni, kinashikwa juu ya kigae, kinatazamwa kwa mwanga wa mchana, kinarudishwa. Inapunguza kasi ya kazi kwa kila kidani, na wawili kati ya watano bado wanainama.